Funda la Kwanza la Mzee Malemba

Wenzangu mliobaki kwa Bi Mghoi, kata yangu ya kuchotea pombe sasa iko mikononi mwenu, na sina hakika kama mnaishika inavyotakiwa. Mmoja wenu alinifuata hadi huku Ronge akaniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nilimwambia mimi sisahau kitu, kilichonitoa kazini ni magoti na tumbo, kichwa bado kizima. Lakini nimekaa na daftari kwa wiki nzima, na haya ndiyo yaliyotoka. Yule anayejua kusoma awasomee wenzake, na asitie chumvi. Habari za mshahara sizitaji, maana mnazijua, na mtu haongezewi huzuni aliyo nayo tayari.

Nilianza kazi miaka michache baada ya reli kupita. Baba yangu alikufa kwenye njaa ile kubwa iliyokuja pamoja na reli, mama akamfuata, nami nikashuka Voi nikiwa na nguo moja na mikono ya kutwanga. Voi ya wakati ule ilikuwa stesheni, maduka machache ya Wahindi, nyumba za Waislamu waliotoka pwani, na vumbi jekundu lililoingia mpaka kwenye meno. Bi Mghoi, mjane wa kwetu Ronge, alikuwa na nyumba ya mabati nyuma ya stesheni na cheti cha Bwana Shauri, yule mkuu wa serikali, cha kuuza pombe ya miwa, ile tunayoiita mbangara. Cheti chenyewe kilikaa ukutani kichwa chini kwa miaka miwili, mpaka karani mmoja mwenye kiu akakigeuza.

Siku ya kwanza nilitwanga miwa tangu jua linachomoza hadi mabega yakawaka moto. Miwa ilishuka kutoka Ronge migongoni mwa akina mama, kamba kipajini, na kila mzigo ulipofika Bi Mghoi alivunja muwa mmoja akautafuna kabla hajasema neno. Nilipomaliza kukamua nikatia kidole kwenye maji ya miwa nipate kulamba. Alinipiga mkono kwa kata, pa, akanituma nikanawe kwa majivu. Alisema pombe ni kama mtoto mchanga, haishikwi na kila mpita njia. Mchana huohuo akanionyesha tunda la mwegea lililokaushwa juu ya moto, linalotiwa mtungini ili pombe iumuke, akanionyesha na jinsi ya kutega sikio kwenye mtungi. Pombe changa inanong'ona. Iliyoiva imenyamaza. Nimewaona nyinyi mkichungulia kwa macho, na mimi nawaambia macho hayana kazi pale, tegeni sikio.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kuonja. Kwetu hakuna mtu anayekunywa pombe ambayo aliyeimimina hajaionja mbele ya macho yake, kutoka chombo kilekile atakachopewa. Funda la kwanza ni la mhudumu. Ukipiga funda ukameza, umemwambia mgeni kwamba humtakii mabaya. Na mgeni akikikataa kibuyu ulichokwisha kuonja, ametangaza mbele ya watu kwamba wewe ni mchawi, hata kama hakufungua mdomo. Bi Mghoi alinifundisha nimeze funda zima, koo lionekane likipanda na kushuka. Nyinyi siku hizi mnaonja kama kuku anywaye maji, mdomo chini kichwa juu, mgeni hata hajui kama kuna kilichoingia.

Msidhani ni adabu tu. Ng'ambo ya mto kulikuwa na nyumba nyingine ya pombe, na mhudumu wao siku moja, kwa haraka zake, alimpa mgeni kibuyu bila kuonja. Mgeni akanywa, akaaga, akaanguka njiani akafa. Huenda moyo wake ulikuwa mbovu. Hakuna aliyeuliza habari za moyo. Kabla ya jua kutua nyumba ile ilikuwa majivu, na mhudumu mwenyewe hakuonekana tena Voi. Sisi tulisimama upande wetu tukitazama moshi, na Bi Mghoi akaniambia niangalie vizuri.

Mzee Malemba alikuja katika wiki yangu ya kwanza. Alikuwa mtu wa Mbololo, mrefu, mwenye miguu mikavu, na kazi yake ilikuwa kutembea juu ya njia ya reli kila siku na nyundo ya mpini mrefu, akikaza boliti na kugonga kabari zilizolegea. Saa kumi alasiri aliingia kwetu, akaegemeza nyundo mlangoni, akakaa kwenye kigoda kilichotazama njia. Alikunywa kibuyu kimoja. Sikuwahi kumwona akitaka cha pili, wala kuacha cha kwanza kikiwa na kitu ndani. Kabla ya kunywa alimwaga tone chini na kuwataja marehemu wake kwa majina, taratibu, na wateja wenye haraka walijifunza kungoja.

Nyumba ya pombe bila mtu kama yule ni uwanja wa ngumi. Vijana wawili wakianza kushikana mashati, Malemba aliinuka, akaiweka nyundo yake sakafuni katikati yao, akawaambia anayetaka kupigana aibebe kwanza hadi stesheni ya pili na kurudi, halafu apigane. Hakuna aliyewahi kuibeba. Mimi niliitwa mwanangu tangu siku ya kwanza, na mwanzo nilidhani ni mazoea ya mdomo tu. Lakini nilipotaka kuoa, na sina baba wala ami wa kunitangulia, ni Malemba aliyepanda Ronge na mbuzi, akakaa na wakwe zangu siku mbili akinisemea kama amenizaa. Alirudi na sauti imekauka. Alisema wakwe zangu ni watu wagumu, lakini mimi nina bahati kuliko sura yangu.

Vita vilipokuja, Voi ilijaa askari na mahema, reli mpya ikajengwa kuelekea Taveta, na nyumba yetu ikafungwa kwa amri. Malemba alichukuliwa kuwa mpagazi. Alibeba mizigo ya vita upande wa Taveta na mbele zaidi, sijui wapi, hakupenda kusimulia. Wengi walioondoka naye hawakurudi. Yeye alirudi mbavu zinahesabika, akarudishiwa nyundo yake, na siku Bi Mghoi alipofungua mlango tena, mteja wa kwanza alikuwa yeye. Nilimjazia kibuyu mpaka kikafurika. Majina ya marehemu yalikuwa yameongezeka, na siku ile alimwaga tone kwa muda mrefu.

Halafu ikaja ile homa. Wazee wenzangu mnaikumbuka, nyinyi vijana mlikuwa bado mnanyonya. Ilipanda na gari la moshi kutoka Mombasa, na kwa siku chache stesheni ilikuwa haina mtu wa kupeperusha bendera. Mtu aliamka mzima, jioni anatetemeka, siku ya nne au ya tano anazikwa. Dresa wa reli, mwenye kuwatibu wafanyakazi, kijana wa Kiislamu wa pwani aitwaye Salimu, alikuja kutuonya. Alisimama nje ya mlango, kwa kuwa dini yake haikumruhusu kuingia nyumba ya pombe, akasema: "Nisikizani. Homa hii yapita kwa mate na kwa pumzi. Msinywe chombo kimoja, kila mtu na chake."

Bi Mghoi alimsikiliza vizuri. Kabla ya hapo wateja walipokezana kibuyu, watatu au wanne kwa kimoja. Siku ya pili yake aliagiza vibuyu vidogo, kila mteja wa kila siku akapewa chake, na mimi nikavichoma alama kwa chuma cha moto ili visichanganyike. Cha Malemba kilikuwa na mistari mitatu. Tuliona tumeitii amri kuliko nyumba yoyote ya Voi. Na kila kibuyu kilipojaa, mimi nilikiinua, nikapiga funda la kwanza, nikakikabidhi kwa mwenyewe. Vyote, kwa mdomo huu mmoja. Hakuna aliyeona kasoro, si Bi Mghoi, si wateja, si mimi. Kushirikiana chombo ni jambo moja, kuonja ni jambo lingine, ndivyo tulivyojua. Salimu angeona mara moja, lakini Salimu hakuwahi kuvuka kizingiti.

Wateja wetu wawili walikufa wiki moja. Homa ilikuwa imeua watu kila mahali, hata watu wa msikitini ambao pombe hawakuijua, lakini pale sokoni mtu mmoja alisema pombe ya Bi Mghoi ndiyo inayoua, na neno la sokoni halihitaji miguu. Watu wakapungua. Waliopita njia walitazama nyumba yetu kwa pembe ya jicho. Bi Mghoi akaanza kulala na maji mlangoni, maana hakuisahau ile nyumba ya ng'ambo ya mto. Malemba aliposikia, alikichukua kigoda chake akakipeleka barazani, akawa anakunywa huko nje ili kila apitaye amwone.  Alikaa tu na kibuyu chake.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikipazunguka wiki nzima.

Asubuhi moja niliamka kichwa kizito na mifupa inauma. Nilijua ni nini. Nilikuwa nimewaona wengine. Lakini nilifikiri hivi: mwonjaji wa nyumba akianguka, watu watasema nini? Watasema amekufa kwa pombe aliyoionja, na jioni ileile tutachomwa. Basi nikavaa nikaenda. Bi Mghoi aliniuliza mbona macho mekundu, nikamwambia ni moshi wa jikoni. Alinitazama, akasema mficha maradhi kilio humfichua, akaendelea na miwa yake. Nadhani na yeye aliogopa kama mimi, akaona afadhali asijue.

Alasiri ile wateja walikuwa watatu tu. Wawili walikuwa Wakamba wa reli waliokwisha kuugua na kupona, nao homa haikuwarudia. Wa tatu alikuwa Malemba. Njiani mbele ya baraza kulikuwa na watu saba au wanane wamesimama, wanajifanya wanazungumza mambo yao. Nilijaza kile kibuyu cha mistari mitatu. Nikageuka pembeni nikakohoa, nikajifuta, nikarudi, nikapiga funda zima, koo likapanda na kushuka mbele ya wote. Nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Alikipokea, akanitazama usoni kwa muda. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Macho yako yana nini, mwanangu?"

Nikamwambia ni moshi, mzee.

"Moshi," akasema. "Sawa."

Akamwaga tone lake, akataja watu wake, akanywa. Hakunywa kwa mafunda madogo kama kawaida yake, alikunywa chote bila kukishusha, kisha akakipindua mbele ya wale watu wa njiani waone hakuna kilichobaki. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilisimama pale na homa yangu nikamshukuru moyoni, nikaona nyumba imepona.

Nilimaliza kazi, nikajikokota hadi chumbani kwangu nikaanguka. Mke na watoto walikuwa huku Ronge, na kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo. Jirani mmoja alinisukumia maji mlangoni. Siku tisa sikujua asubuhi wala jioni. Siku ya kumi nilisimama kwa kushika ukuta, na siku mbili baadaye nikarudi kazini nikiwa nimekonda kama mpini wa jembe. Kigoda kilikuwa barazani kitupu. Nilimwuliza Bi Mghoi kama Malemba ametoka kazini. Alisema Malemba hayupo. Nikadhani amehamishiwa sehemu nyingine ya njia, nikauliza wapi. Akaweka kata chini akaniambia tena, "Mwandoe, Malemba hayupo." Alikuwa amezikwa siku tano nyuma.

Nilikwenda kumtafuta Salimu. Nilimkuta kwenye chumba chake cha dawa, macho yameingia ndani kwa kukosa usingizi. Nikamweleza yote: vibuyu vya kila mtu, alama, kuonja, siku niliyoumwa, siku Malemba alipolala. Alihesabu siku kwa vidole, halafu akaviacha vidole. Nilimwambia anieleze ukweli. Alisema, "Mungu ndiye ajuaye." Nikamwambia Mungu sijamwuliza, nimekuuliza wewe.  Akageuka akaanza kupanga chupa ambazo tayari zilikuwa zimepangwa, nami nikaelewa.

Matanga ya Malemba yalicheleweshwa mpaka homa ipungue, kwa sababu hakuna aliyetaka watu wakusanyike. Miezi miwili ikapita. Nilitwanga miwa, nikachuja, nikaonja, maana wateja walirudi na waliotusema walikuwa wameshapata la kusema la mtu mwingine. Usiku sikulala vizuri na mchana sikuongea. Kisha likaja agizo kutoka Mbololo: ndugu wa marehemu, Mwadime, anataka mitungi miwili ya pombe ya Bi Mghoi kwa matanga, na iletwe na Mwandoe, mtoto wa marehemu wa pale Voi. Ndivyo walivyoniita. Bi Mghoi aliniuliza kama nitaweza. Nikasema nitaweza.

Tulipanda watu watatu na mitungi, tukafika mchana. Boma lilijaa. Mkamburi, mjane wake, alikaa chini mlangoni mwa nyumba na watoto wake wanne, nywele zimenyolewa. Nilimfahamu kidogo, alikuwa akileta kuni stesheni. Alinijibu salamu bila kuinua macho. Mwadime akaniita katikati ya uwanja, akanipa kibuyu kikubwa nikakijaza, watu wote wakanyamaza kama kawaida, wakingoja nionje ili mwenye matanga anywe, na wote wafuate.

Nikakiinua hadi mdomoni. Mkono ukakataa. Niliona macho ya Malemba yakinitazama juu ya kibuyu chake, na nikashindwa. Nilikishusha.

Mwadime alidhani nimesahau, akaniambia taratibu, "Onja, tunywe." Nikatikisa kichwa. Nyinyi mnajua maana yake mwonjaji kukataa pombe yake mwenyewe. Wanaume wawili walisimama. Mmoja wa wenzangu niliopanda nao alianza kurudi nyuma kuelekea njiani. Nilijua kwamba nisiposema kitu nitafia pale, na sikujali sana, lakini wenzangu hawakuwa na kosa.

Nikasema: "Pombe hii haina kitu. Mimi ndiye mwenye kitu. Nilimwonjea mzee nikiwa na homa, nikamwambia ni moshi. Nimemuua mimi."

 Mwadime alimtazama shemeji yake. Mkamburi akainuka, akaja polepole hadi nilipokuwa, akasimama karibu nami kiasi cha kusikia pumzi yake.

"Alijua," akasema. "Alirudi mapema siku ile. Hakuingia ndani, alisimama pale nje akaniambia, yule kijana wa Bi Mghoi ana homa, nami nimekunywa nyuma yake. Nikamwuliza, kwa nini hukumwaga? Akasema, ningemwaga mbele ya wale watu, kesho wangemchoma, na hana baba wa kumsimamia."

Nilitaka aishie hapo. Hakuishia.

"Akaniambia nichukue watoto niende kwa shemeji, nisirudi mpaka aite. Nilikuwa nikimwekea uji mlangoni asubuhi, nikisimama mbali. Siku tatu alikunywa. Siku ya nne niliukuta uji kama nilivyouacha. Siku ya tano vilevile."

Nililia mbele ya boma zima, mimi mtu mzima mwenye watoto, na hakuna aliyenizuia. Mkamburi alinyoosha mkono, akakisukuma kile kibuyu kuelekea mdomoni kwangu, si kwa ukali wala kwa upole.

"Sasa onja," akasema. "Asije akawa amekufa bure."

Nikapiga funda nikameza. Mwadime akakipokea kibuyu mikononi mwangu, akanywa, akampa aliyefuata, na watu wakaanza kunywa.

Nimeonja miaka mingi baada ya siku ile, na hamkuwahi kujua, kwa kuwa sikuwaambia. Mkamburi nilikuwa nikimwona Voi siku za soko. Aliniamkia, nikamwitikia, akaenda zake. Sijawahi kumwambia neno lingine, wala sijui lingekuwa neno gani. Kuonja msiache, wageni hawatakunywa bila hivyo. Lakini mkiamka na homa, kaeni nyumbani. Watu watasema nyumba ina sumu, watasema mna uchawi, watakuja na moto. Waacheni waje, ninyi kaeni nyumbani.